Mkono Uliojibu Kabla ya Swali

Kifuniko cha sufuria kilianza kutetemeka, ti-ti-ti, uji ukitafuta njia ya kutokea, na Bibi Siwema akafumbua macho pale kitini alipokuwa amejiegemeza. Alipunguza moto, akakisogeza kifuniko upande ili uji upumue, kisha akarudi kukaa. Nje kulikuwa na giza bado. Upepo wa Singida ulikuwa ukipapasa bati kama mgeni asiyejua mlango uko wapi.

Siku nyingine zote, saa hiyo angekuwa ameshavaa miwani na glavu, ameshaingia Ulingoni, ameshaamkiwa na mtoto wake. Leo glavu zilikuwa mezani, viganja juu, mfano wa mikono ya mtu anayeomba dua, naye hakuweza kuzigusa.

Mwasiti, binti yake wa mwisho, alitoka chumbani akifunga vifungo vya sare ya zahanati. Alimwamkia mama yake, akamimina uji, akauliza kama leo bondia hafundishwi. Ulikuwa utani wao wa kila siku: mama anasahihisha kwamba yule si bondia, ni mwanamieleka, na binti anajibu kwamba kipigo ni kipigo. Leo mama hakusahihisha.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nzuri tu."

Mwasiti aliweka kikombe chini. Kazi ya zahanati ilikuwa imemfundisha kulijua jibu hilo. Watu huletwa pale wamebebwa mgongoni, ukiwauliza habari wanasema nzuri, halafu ndipo wanaendelea: ila tumbo hili, ila mguu huu.

"Haya, nzuri nimeipokea," akasema. "Sasa nieleze."

Bibi Siwema alitazama uji. "Shukuru ameumia," akasema. "Na aliyemuumiza ni mimi."

*

Ulingo ulikuwa mchezo. Mtu yeyote mwenye miwani aliweza kufungua humo kampuni yake ya mieleka, akakusanya wanamieleka, akapanga nani ashinde na nani aangushwe, na watazamaji wa kila mkoa wakaingia kutazama. Kwamba matokeo yamepangwa, kila mtu alijua, na halikumkera mtu, kama ambavyo haimkeri mtu kwenda harusini akiwa anamjua bibi harusi ni nani. Watu walikwenda kuona jinsi jambo linavyofanywa.

Wanamieleka wenyewe ndio waliokuwa kitu kipya. Hawakuchorwa, walioteshwa. Wataalamu walipanda akili ndogo, changa kama mbegu, nayo ikakua kwa kile ilichofundishwa. Wa kwanza walilelewa na mashine. Walijua mikamato yote kwa siku moja, lakini wakipandishwa juu ya kamba wengine walikataa kuruka, na wengine waliruka bila kujali wanamwangukia nani. Hapo ndipo wenye Ulingo walipogundua kwamba mieleka ya maonyesho inasimama juu ya jambo moja tu: kumpa mwenzako mgongo wako na kuamini kwamba atakuweka chini salama. Hilo mashine haikuweza kulifundisha. Basi wakatafuta walezi. Wakatafuta hasa wanawake wa makamo na kuendelea, waliokwisha kulea.

Bibi Siwema alikuwa amelea watano wake na kadhaa wa wenzake. Siku ya mafunzo waliambiwa kwamba wale watoto wana kipimo cha maumivu, hawana maumivu. Mama mmoja wa Manyoni aliuliza tofauti yake ni nini. Watoa mafunzo walicheka kwa adabu, wakasema chai iko tayari.

Shukuru alipofika kwake alikuwa na kimo cha mtoto wa miaka saba, magoti makubwa kuliko mapaja. Jina alimpa yeye. Kuanguka hakukujua hata yeye mlezi. Maelekezo yalikuja na mchezo, kidevu kifuani, toa pumzi, piga mkeka kwa viganja vyote viwili. Alichoongeza yeye ni kusubiri. Mtoto alisimama ukingoni mwa mkeka ameupa kisogo, anatetemeka, na Bibi alikaa nyuma yake akivuma wimbo wa kutwangia mpaka mtoto alipojiachia mwenyewe. Haikuwa siku hiyo, wala siku iliyofuata. Lakini alipojiachia, hakuogopa tena, na kwa kuwa Ulingoni watoto hukua upesi, masika mawili hayakupita kabla hajawa kijana mrefu ambaye wapenzi wa mieleka walimwita Mwewe.

Na kuna jambo lile la mkono. Ulingoni, mtu akianguka vibaya, mwenzake hujifanya anamkandamiza, na huku anamkamata mkono na kuubana kwa siri. Maana yake: mzima? Aliyeanguka akibana naye, mambo yanaendelea. Asipobana, mwamuzi anapishanisha mikono juu ya kichwa na pambano linakufa papo hapo. Watazamaji hawaoni kitu. Ni salamu ndogo ambayo uhai wa watu umeegemezwa juu yake.

Katika moja ya mapambano yake ya mwanzo, Shukuru alianguka, akabanwa mkono, na kwa mshtuko tu hakubana. Hakuwa ameumia. Pambano lilisimamishwa, watazamaji wakazomea, na mwenye kampuni, kijana wa Dodoma aitwaye Elibariki, akasema kwa upole kwamba chipukizi akisimamisha mapambano hovyo, kampuni haiwezi kumbeba. Chipukizi asiyebebwa alifungwa. Kufungwa kulikuwa kuzimwa moja kwa moja.

Asubuhi yake mtoto alilia, akauliza alikosea wapi. Bibi Siwema alikuwa na hofu ya kumpoteza, na katika hofu hiyo alimpa alichokuwa nacho, ambacho naye alipewa na mama yake. Alimwambia kwamba watu waungwana wakiulizwa hali husema nzuri kwanza, halafu ndipo wanaeleza. Hata msibani tunaulizana habari, tunajibu nzuri, halafu tunalia.

"Ukibanwa mkono, bana," alimwambia. "Nzuri kwanza. Maumivu tutayaongea mimi na wewe alfajiri."

Mtoto alifuta machozi, akasema amesikia. Tangu siku ile hakusimamisha pambano hata moja.

*

Mwasiti alisikiliza yote akiwa amesimama, mkoba begani. Alipotoka, alirudi mlangoni akachukua kanga iliyokuwa kwenye kamba, akamfunika mama yake mabegani, akaenda zake. Bibi Siwema alilikumbuka hilo baadaye. Lilimpa nguvu ya kuvaa glavu.

Elibariki alikuwa akimngoja Ulingoni. Alimwamkia shikamoo kama kawaida yake, maana alikuwa kijana mwenye adabu. Mwaka mzima hakuwahi kumwita mlezi, alimwita Bibi, na mara moja aliposikia jiko lake limeharibika alimtumia fundi kutoka mjini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alieleza mambo kwa utaratibu. Jana, Mwewe aliruka kutoka juu ya kamba, mpinzani wake Kisiki akachelewa kidogo kumpokea, naye akatua kwa shingo. Kisiki alimbana mkono, Mwewe akabana, pambano likaendelea. Alinyanyuliwa na kuangushwa tena na tena akiwa na shingo iliyovunjika, mpaka kengele ya mwisho. Alipoambiwa ainuke akaage watu, hakuinuka.

Kulikuwa na njia. Kila mwanamieleka alikuwa na nakala iliyohifadhiwa kabla ya pambano. Shukuru angerejeshwa alivyokuwa juzi, shingo nzima, jana haipo. Lakini anayerejeshwa huamka katika giza, na asiposikia sauti ya mlezi wake wengi hukataa kuamka. Ilihitajika sauti ya Bibi, na ilihitajika leo, kabla kumbi za Ulingo hazijafunguliwa, kwa sababu baada ya hapo nakala hufutika.

Bibi aliuliza kama akisharejeshwa anaweza kumfundisha upya lile jambo la mkono.

Elibariki alitazama chini. Alisema baada ya fainali ya wiki hii Mwewe anachukuliwa na kampuni kubwa, nao wana walezi wao. Na kile kinachompendezesha Mwewe kwa watu, alisema, ndicho hicho, kwamba hasimami.

"Kwa hiyo ataendelea kubana."

"Bibi, akirejeshwa hatakumbuka kitu. Maumivu ambayo hakuna anayeyakumbuka, yako wapi?"

"Nitayakumbuka mimi."

"Na asiporejeshwa hatashika tena kamba maisha yake. Atakwenda Nyumba ya Wastaafu. Unaijua. Nina chipukizi wengine wawili wanaoitegemea fainali hii. Sikulazimishi. Nakuomba."

Hapakuwa na ubaya katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Bibi Siwema. Kijana angekuwa mtu mbaya, Bibi angemtupia mzigo wote akaondoka mwepesi.

*

Nje ya chumba cha matibabu, juu ya benchi dogo kuliko yeye, alikaa Kisiki. Alikuwa mwanamieleka mkubwa kama jina lake, mlezi wake mama mmoja wa Kondoa. Alisimama alipomwona Bibi, akampisha akae, akabaki amesimama na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Bibi Siwema alikuwa amelitazama lile pambano usiku uliopita, na aliona jambo ambalo huenda watazamaji hawakuliona: kila Kisiki alipomnyanyua Shukuru baada ya ule mruko, alitanguliza kiganja chini ya kisogo chake kabla ya kumweka chini. Kila mara. Alimshukuru kwa hilo.

Kisiki alitikisa kichwa. Alisema moyo wake ulikataa, ndiyo maana aliweka kiganja, lakini mkono wa Shukuru ulimwambia vingine.

"Bibi, kuna kitu sijamwambia mtu," akasema. "Nilipomshika mkono, alinibana. Sikuwa nimembana bado."

Bibi aliinua uso kumtazama.

"Nilikuwa bado nautafuta mkono wake vizuri. Naye tayari ananibana. Nikasema moyoni, huyu ni mzima sana. Sikumuuliza tena."

Nzuri kwanza. Bibi Siwema alishika ukingo wa benchi ambalo halikuwepo, na katika nyumba yake ya Singida vidole vyake vikashika ukingo wa meza. Alikuwa amempa mtoto jibu, na mtoto kwa kulipenda jibu la Bibi yake hakungoja hata swali.

*

Shukuru alikuwa amelazwa chali, kichwa kimezuiwa pande zote. Macho tu ndiyo yaliyogeuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Bibi alifumba macho kidogo. Hata yeye, hata sasa, mdomo wake ulikuwa umeuliza bila ruhusa yake.

Alikaa, akaushika mkono wake. Glavu zilimletea joto lake, na uzito. Alimweleza yote, polepole, kwa maneno ambayo mtu angemweleza mgonjwa. Alimweleza ya nakala. Alimweleza kwamba atakayeamka atamjua Bibi, atajua kuanguka, atajua wimbo wa kutwangia, ila jana hataijua, na baada ya fainali atakwenda mbali kwa mlezi mwingine. Alimweleza pia ya Nyumba ya Wastaafu: kwamba huko hakuna pambano, na kwamba saa ya huko hutembea pale tu mtu anapomtembelea. Mgeni akitoka, taa huzimwa, na aliyemo husimama kama picha mpaka mlango ufunguliwe tena.

"Sasa nataka kukuuliza," akasema, "kama ungependa—"

"Ndiyo, Bibi."

Kijana alikuwa ameubana mkono wake. Imara, haraka, kwa heshima yote.

Bibi Siwema aliutazama ule mkono. Wakati anavaa glavu alikuwa amejiambia kwamba atamwachia mtoto aamue mwenyewe, kwamba hiyo ndiyo haki. Sasa aliona haki hiyo ilikuwa kichaka cha kujifichia. Angemuuliza kurejeshwa, angebana. Angemuuliza kubaki, angebana. Alikuwa amemlea vizuri mno.

"Sijamaliza kuuliza," akasema.

"Samahani."

"Usiniombe samahani. Mimi ndiye wa kukuomba. Nilikufundisha vibaya, Shukuru. Nilikwambia useme nzuri kwanza. Nyumbani kwetu hiyo ni adabu, kwa sababu anayekuuliza bado yupo, anangoja hilo la pili. Ulingoni hakuna la pili. Nililijua hilo nilipokwambia. Niliogopa watakufunga, nikakubebesha woga wangu."

Macho ya kijana yalizunguka darini, yakarudi.

"Ulisema tutayaongea alfajiri," akasema. "Nilipokuwa ninanyanyuliwa, nilikuwa nayapanga. Kwamba hili nitamwambia Bibi, na hili nitamwambia." Akamtazama. "Sasa hivi ni alfajiri?"

"Ni alfajiri."

Bibi alifanya kile pekee alichokuwa nacho tangu mwanzo: alisubiri. Alivuma ule wimbo wa kutwangia, chini kabisa, mpaka uji kule jikoni ukapoa na kufanya ngozi juu, mpaka Elibariki akachungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma bila kuuliza. Mkono wa kijana ulikuwa ndani ya mkono wake. Mara mbili ulianza kubana, na mara mbili Bibi akasema taratibu, "Bado sijauliza," nao ukalegea.

Kisha mkono ukalala kabisa, ukawa mzito kama wa mtoto aliyesinzia, na Shukuru akasema kitu ambacho hakuwahi kukisema tangu alipopandwa.

"Inauma, Bibi."

"Wapi?"

"Nikirejeshwa sitaweza kukwambia wapi."

"Hapana. Hutaweza."

"Basi nataka kwanza nikwambie."

Bibi alimwita Elibariki. Alimwambia hatatoa sauti yake. Kijana alisimama muda mrefu akimtazama Mwewe, si yule wa kamba, bali huyu aliyelazwa, na akauliza kama wana hakika. Bibi alisema hapana, hana hakika. Pengine alikuwa anamnyima mtoto shingo nzima ili yeye asamehewe, na hilo nalo atalibeba. Elibariki aliitikia kwa kichwa. Kabla ya kutoka aliupangusa uso wa Shukuru kwa kitambaa chake mwenyewe. Kumbi zilifunguliwa, na nakala ikafutika.

*

Fainali ilipigwa bila kampuni ya Elibariki. Wale chipukizi wawili hawakufungwa. Alihangaika mpaka akawapatia mahali kwa wenzake, na yeye akabaki na ukumbi mtupu. Alimtumia Bibi Siwema salamu, lakini zilikuwa fupi kuliko zamani. Bibi hakumlaumu. Kila alipoziona alijua kwamba yeye ndiye aliyezifupisha.

Nyumba ya Wastaafu ilikuwa na korido ndefu yenye milango mingi, na karibu yote ilikuwa giza. Bibi alipofungua ule wa kwake, taa iliwaka, na Shukuru alikuwa pale pale, macho yake yakimalizia kufumbuka kutoka katika kufumba kwa jana.

Kwa siku kadhaa sasa walikuwa wakiifanya kazi moja. Shukuru alikuwa akimweleza maumivu yale, moja moja, tangu ule mruko. Hakuwa akilalamika. Alieleza kwa uangalifu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake vyombo vya udongo, na Bibi alipokea kila kimoja, akauliza ukubwa wake, akauliza kilianzia wapi. Mara nyingine alilia. Kijana alimngoja amalize. Hata kungoja alikuwa amejifunza kwake.

Siku hiyo Mwasiti alikuwa ameomba kuvaa miwani kidogo kabla ya kwenda kazini. Alisimama mlangoni, akamtazama yule aliyemwita bondia miezi yote ile, akasema, "Pole sana, mdogo wangu. Unasikiaje leo?"

Bibi Siwema aliushika mkono wa kijana. Hakuubana. Aliuona mdomo wake ukijiandaa na lile neno la adabu, kisha ukafunga, ukafikiri.

"Vibaya kidogo, dada," akasema Shukuru. "Asante kwa kuuliza."

Mwasiti alimtazama mama yake, akatoka taratibu. Wawili wale waliendelea na kazi yao mpaka jogoo wa jirani akawika kule Singida, na Bibi akasema inabidi aende, ana uji jikoni. Alimkumbusha kwamba kwake yeye itakuwa ni kufumba na kufumbua tu.

"Najua," akasema Shukuru. "Ila nikifumba sijui kama kutakuwa na kufumbua." Mkono wake ulikuwa umetulia, haubani, haujifanyi. "Leo tumefika begani tu, Bibi. Njoo tena."